Nguo za Ng'ambo Zisiishie Kuwa Madekio

Mji wa Mpanda, mkoani Katavi, ni mwisho wa reli. Njia inayochepuka Kaliua na kukata pori kwa takriban kilomita 210 ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa sababu ya madini ya risasi ya Uruwira. Risasi ilikwisha zamani, treni ikabaki na kazi ya kubeba watu na mafurushi yao. Ndani ya mafurushi hayo, na siku hizi ndani ya buti za mabasi yanayopita kwenye lami ya Tabora, zimo nguo zilizotoka mbali: kitambaa alichonunua mfanyabiashara Guangzhou, mtandio wa binti aliyekuwa akifanya kazi za ndani Muscat, ihramu iliyovaliwa Makka, fulana ya chuo alikosoma kijana huko Algeria au Urusi, kitenge kilichovuka Ziwa Tanganyika kwa boti kutoka Kalemie, Kongo, na kushushwa Karema.

Nguo hizo hupokewa kwa vigelegele. Wiki haijaisha zimeshagawiwa. Shangazi kachukua mtandio, mdogo wake kachukua fulana, kitenge kimekwenda kwa fundi kikashonwa gauni la harusi ya jirani. Miaka michache ikipita gauni limebana, fulana imelegea shingo, na mtu anayetafuta cha kudekia sakafu anachana kitambaa kilichovuka bahari bila kujua kilikotoka. Kugawa ni utu, na hakuna wa kumlaumu aliyegawa. Kinachouma ni kwamba habakizi hata kipande.

Familia yenye mtu aliyesafiri nje ya nchi ingebakiza kiganja kimoja tu cha kila nguo iliyorudi naye, kikakatwa kabla ya kugawa, vipande vikalimbikizwa na kushonwa kwa mkono kuwa mfarishi mmoja wenye majina, miji na miaka. Kazi hiyo ni ndogo kwa gharama na kubwa kwa faida, na Katavi, mkoa uliojaa watu waliofika kutoka kwingine, una sababu ya kuianza kabla ya mikoa mingine.

Kwa ambaye hajauona, mfarishi ni nguo ya kujifunika yenye matabaka matatu. Juu ni vipande vilivyoungwa. Katikati ni pamba iliyochambuliwa au blanketi kuukuu. Chini ni bitana. Bandi hupigwa kwa mkono kupita matabaka yote matatu, mstari baada ya mstari, mpaka vitu vitatu viwe kitu kimoja. Duveti ya dukani inaonekana kama ndugu yake, lakini hiyo imetoka kiwandani na haina habari ya mtu yeyote ndani yake.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Wazungu. Historia ya nguo ya Mswahili inakataa. Kanga yenyewe ilizaliwa kwa kuunga vipande vya ng'ambo. Katikati ya karne ya 19, wanawake wa Unguja na Mombasa walikuwa wakinunua leso za mraba zilizoletwa na wafanyabiashara wa Kireno. Badala ya kununua mojamoja, walichukua leso sita zikiwa bado hazijakatwa kwenye jora, wakazikata mapande mawili ya leso tatutatu, wakayaunga ubavu kwa ubavu kwa sindano, wakapata nguo pana ya kujifunga. Wafanyabiashara waliona, wakafuata, wakaanza kuchapa nguo nzima yenye pindo na mji. Maneno yalikuja baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, na jina linalotajwa sana ni la Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye kanga zake zilijulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla. Kwa hiyo mwanamke wa pwani alichukua kitu kutoka ng'ambo, akakikata, akakiunga upya kwa akili yake, na kilichotoka mikononi mwake kikawa vazi la Afrika Mashariki nzima.

Bara nako nguo ilikuwa na heshima yake. Kwenye njia za misafara zilizofika ziwani, nguo ilikuwa fedha. Merikani, pamba isiyopaushwa iliyofumwa viwandani Massachusetts, ilipimwa kwa mikono: shuka mikono minne, doti mikono minane. Wapagazi walilipwa kwa nguo, hongo ilitolewa kwa nguo, chakula kilinunuliwa kwa nguo. Wabelgiji wa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika walipofungua kituo Karema mwaka 1879, na Wamisionari wa Afrika walipokichukua mwaka 1885, walikuta watu wanaoijua nguo ya ng'ambo kwa kuishika na kuikadiria thamani.

Karema hiyohiyo ndiyo iliyompokea Adrian Atiman, na yeye ni mfano unaostahili kukaa kidogo. Alizaliwa karibu na Mto Niger, katika eneo ambalo leo ni Mali. Akiwa mtoto alikamatwa na kuuzwa, akapitishwa jangwani, akakombolewa na wamisionari huko Algeria, akapelekwa Malta kusomea utabibu, na mwaka 1889 akafika Karema. Akawatibu watu wa kando ya ziwa hadi alipofariki mwaka 1956. Hesabu ya nchi alizopita mtoto yule kabla ya kufika mwambao wa Katavi inatosha kumchosha msafiri wa leo mwenye tiketi ya ndege. Safari yake inajulikana kwa undani kwa sababu moja: aliisimulia mwenyewe kwa maandishi. Aliyekuwa na kalamu alibaki. Wasafiri wengine wa enzi zake, wapagazi, wake zao, watoto waliozaliwa njiani, hawakuandika kitu, na leo hakuna wa kueleza walipita wapi. Mtu asiyeandika kitabu anaweza bado kuandika kwa uzi, na hapo ndipo sindano inapopata hadhi yake.

Ushahidi mzito kuliko wote uko India, na unawahusu watu wenye damu ya huku. Katika misitu ya Uttara Kannada, jimbo la Karnataka, wanaishi Wasidi. Mababu zao walitolewa Afrika Mashariki na Msumbiji, wengi wakiwa watumwa walioshushwa Goa na Wareno. Leo baadhi yao ni Wahindu, baadhi Waislamu, baadhi Wakatoliki. Lugha za mababu zimepotea kwa sehemu kubwa. Kilichobaki na kustawi ni mikono ya wanawake, wanaoshona mfarishi unaoitwa kawandi.

Namna wanavyoushona inafaa kutazamwa kwa karibu. Fundi hutandika sari kuukuu sakafuni iwe bitana. Huketi pembeni mwake, miguu kanyoosha, na kuanzia kwenye kona. Huchukua kipande cha nguo iliyochakaa, hukunja ncha zake kwa ndani kwa kidole gumba, hukibana na kukipitishia bandi moja kwa moja mpaka kwenye bitana. Kisha kipande cha pili kando yake, na cha tatu, akifuata ukingo. Katikati hapagusi kwanza. Akimaliza ukingo wote anarudi na safu ya pili ndani yake, halafu nyingine, hadi mistari ya uzi inakutana kati ya mfarishi. Mshono mmoja umefanya kazi mbili, umekishika kipande na umeyafunga matabaka. Mwishoni, kwenye kona nne, huweka phula, yaani vijipande vilivyokunjwa pembetatu kama ua. Bila phula, kwa macho ya Wasidi, mfarishi bado uko uchi. Mkatoliki huweza kuweka msalaba katikati ya vipande, Mwislamu mwezi mwandamo. Henry Drewal, profesa wa historia ya sanaa wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, alikaa na mafundi hao, akaandika juu yao, akasaidia kazi zao kufika kwenye kumbi za maonyesho Marekani.

Mtindo huo unaifaa Mpanda kuliko mitindo ya vitabu vya Ulaya, ambayo hudai vipande vyenye vipimo sawa, rula na meza pana. Kawandi haihitaji cherehani wala umeme. Inapokea kipande cha umbo lolote, hata kile chembamba kilichobaki ubavuni mwa fundi baada ya kukata gauni. Inashoneka mkekani, mazungumzo yakiendelea.

Kuna kizuizi kingine kizito zaidi ya hoja ya Uzungu, nacho ni aibu. Kiraka kwa Kiswahili ni alama ya ufukara. Mtoto aliyevaa kaptula yenye viraka alichekwa shuleni, na aliyechekwa akikua hataki kuviona hata kitandani. Hisia hiyo ni ya kweli na haifai kubezwa. Lakini itazamwe habari ya Gee's Bend, kijiji cha Wamarekani Weusi huko Alabama, ambako wanawake walishona mifarishi kwa nguo za kazi zilizochakaa mashambani kwa sababu hawakuwa na kingine cha kuwafunika watoto wakati wa baridi. Hakuna aliyeificha dhiki hiyo. Mwaka 2002 mifarishi yao ilitundikwa katika jumba la sanaa la Whitney mjini New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikachapa picha zake kwenye stempu. Nguo zilikuwa zilezile. Kiraka kilichowekwa kuziba tundu na kiraka kilichochaguliwa, kikapangwa rangi na rangi, haviwezi kuhesabiwa kitu kimoja.

Mifarishi inayotokana na safari nayo ina historia yake, na baadhi yake ni chungu. Aprili 1841, meli iitwayo Rajah iliondoka Woolwich, Uingereza, ikiwa na wanawake 180 waliohukumiwa kuhamishiwa Tasmania. Kamati ya wanawake iliyofuata nyayo za Elizabeth Fry, mtetezi wa wafungwa, iliwagawia vifaa vya kushonea: sindano 100 kwa kila mmoja, uzi, mkasi, mtondoo na pauni mbili za vipande vya nguo. Walishona safari nzima. Julai walipotia nanga Hobart walikuwa na mfarishi mmoja mkubwa wa vipande 2,815, ukiwa na maandishi ya uzi ya kuwashukuru waliowapa vifaa. Leo unahifadhiwa katika Jumba la Taifa la Sanaa la Australia. Majina ya wengi wa wanawake wale yamebaki kwenye daftari la wafungwa tu, lakini kazi ya vidole vyao inaonekana, na wataalamu wanaweza kutofautisha mkono wa fundi hodari na mkono wa mwanagenzi aliyekuwa akijifunza baharini.

Karne moja baadaye, Singapore ilipoanguka mikononi mwa Wajapani mwezi Februari 1942, wanawake na watoto wa nchi za Magharibi walifungwa katika gereza la Changi. Waume zao walikuwa upande mwingine wa ukuta, na kupelekeana barua kulikatazwa. Mkanada Ethel Mulvany akatoa wazo kwamba kila mwanamke achukue kitambaa cha mraba cha inchi sita na kutia humo kitu cha kumtambulisha yeye. Ikashonwa mifarishi mitatu, kila mmoja wenye miraba 66. Mwanamume aliyeona jina la mkewe kwenye mraba alijua kwamba yu hai.

Hapo ndipo hoja inaporudi Katavi, kwa sababu watu wengi wa mkoa huu walifika wakikimbia. Mwaka 1972 mauaji yalipozuka Burundi, maelfu ya familia zilivuka kuingia Tanzania. Serikali iliwapa makazi Ulyankulu mkoani Tabora, Katumba mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978, na hizi mbili za mwisho ziko ndani ya Katavi ya leo. Walifyeka misitu, wakalima tumbaku na mahindi, wakazaa. Mwaka 2014, zaidi ya watu 162,000 wa makazi hayo matatu walikabidhiwa uraia wa Tanzania. Cheti cha uraia ni karatasi nzito, na inatunzwa sandukuni. Lakini cheti hakisemi mama alivaa nini usiku ule wa kuvuka, wala blanketi gani la msaada lililomfunika mtoto wa kwanza kuzaliwa kambini. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule amevuka 70 sasa. Nguo za wakati ule zinazidi kupungua, na waliozivaa pia wanapungua.

Mtu anaweza kuuliza kama ukimbizi na safari ya Dubai vinaweza kukaa kwenye nguo moja. Vinaweza, na katika nyumba nyingi za Katumba ndivyo vilivyo: bibi alifika kwa miguu, mjukuu anapanda ndege kwenda kuchukua mzigo Uchina. Mfarishi unaobeba vipande vya wote wawili ni historia ya nyumba hiyo kamili kuliko albamu yoyote ya picha. Picha zenyewe siku hizi zinakaa kwenye simu, na simu hupasuka, huibwa, hubadilishwa. Nani leo anazo picha alizopiga kwa simu ya mwaka 2009?

Kuhusu ihramu panahitajika uangalifu. Mahujaji wengi huitunza nzima, na baadhi huusia wazikwe nayo. Nguo ya namna hiyo haikatwi. Kipande cha mfuko wa safari au cha kilemba kilichonunuliwa Madina kinatosha kusimama mahali pake. Vivyo hivyo kwa vazi la utawa, sare ya jeshi au nguo ya marehemu ambayo ndugu hawajakubaliana juu yake. Anayeshona lazima aulize kwanza.

Sasa kazi yenyewe. Kosa la kwanza la wanaoanza ni kuchanganya vitambaa visivyofuliwa. Kitenge kipya huchuja rangi na pamba hurudi, polista hairudi. Vikiunganishwa vikiwa vipya, ufuaji wa kwanza utaukunja mfarishi na kuupaka rangi nyekundu pale palipotakiwa kubaki peupe. Kila kipande kifuliwe peke yake, kianikwe, kipigwe pasi, ndipo kikatwe. Fulana inanyumbulika, hivyo ibandikwe kwanza juu ya kitambaa kigumu chepesi kwa bandi ili isivutike. Hariri na mitandio myepesi iwekewe bitana yake ndogo. Nusu inchi iachwe kila upande kwa ajili ya mshono.

Katikati, familia nyingi zitatumia blanketi la zamani, na ni sawa kabisa, kwani nalo lina habari zake. Ila Katavi inalima pamba. Wilaya ya Tanganyika ina wakulima wanaoivuna kila mwaka na kuiona ikiondoka na malori. Kilo chache za pamba iliyochambuliwa kubaki nyumbani na kulala katikati ya vipande vya Muscat na Guangzhou lingekuwa jambo zuri: nje ni ulimwengu, moyoni ni shamba la Katavi. Kwa baridi ya mwezi wa saba Mpanda, mfarishi wa pamba una kazi ya kufanya usiku, na unaotumika hutunzwa kuliko uliofungiwa.

Kipande kisicho na maandishi kitakuwa bubu baada ya kizazi kimoja. Mwaka, mji na jina la aliyekileta vidariziwe juu ya kipande chenyewe au kando yake, kwa herufi zinazosomeka. Ufundi wa kudarizi upo, hauhitaji kuletwa. Nyumba za magharibi mwa Tanzania zimejaa mashuka yaliyodariziwa maua, vitambaa vya makochi vya kroshia na vitambaa vya mezani vyenye maneno ya kumkaribisha mgeni. Mkono uliodarizi karibu mgeni unaweza kudarizi Kalemie 1996.

Adui wa nguo Mpanda wanajulikana: mchwa, unyevu wa masika, jua. Sanduku la bati lililoinuliwa juu ya matofali huwazuia mchwa. Majani makavu ya mwarobaini ndani ya mfuko wa kitambaa husaidia dhidi ya wadudu. Kuuanika kivulini mara kadhaa kwa mwaka na kuukunja kila mara mahali tofauti huzuia mikunjo kukata nyuzi. Jua kali hula rangi, na mfarishi uliotundikwa mbele ya dirisha utapauka kabla ya mtoto kuanza shule.

Itakuja hoja ya fedha, na ije. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 4,471, hupokea wageni wanaotoka mbali na wanaotaka kurudi na kitu. Baadhi huondoka Tanzania na vitenge kwenye mabegi, wakavishone wenyewe mifarishi ya kumbukumbu huko kwao. Ufundi huo ungefanyika hapa, na ujira wake ukabaki hapa. Halmashauri zina wajibu wa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Maombi mengi ya vikundi hurudia biashara zilezile, bodaboda, kuku, mashine ya kukoboa. Kikundi cha mafundi wa mfarishi kingehitaji mtaji mdogo kuliko biashara hizo zote: mikasi mizuri, sindano, uzi imara, jora la bitana. Ushonaji ni fani ya kawaida katika vyuo vya maendeleo ya wananchi, na mkondo wa amali uliofunguliwa sekondari mwaka 2024 umetoa nafasi kwa kazi za mikono kuhesabiwa kuwa elimu.

Lakini mfarishi wa kuuza na mfarishi wa nyumba ni vitu viwili, na visichanganywe. Harriet Powers, mwanamke aliyezaliwa utumwani Georgia, alipeleka mfarishi wake wenye visa vya Biblia kwenye maonyesho ya pamba ya mji wa Athens mwaka 1886. Mwalimu mmoja wa sanaa, Jennie Smith, aliutamani na kutaka kuununua. Harriet alikataa. Miaka michache baadaye hali ikawa ngumu, akaupeleka mwenyewe; aliomba dola 10, akapewa 5. Alimweleza mnunuzi maana ya kila picha kabla ya kuuacha, na baadaye alirudi mara kadhaa kwenda kuutazama tu. Leo mfarishi huo ni hazina ya Smithsonian mjini Washington. Dunia inamshukuru Jennie Smith kwa kuandika yale maelezo, na ni haki. Hata hivyo mama yule alistahili kutolazimika kuuza. Kikundi cha Katumba au Mishamo kikipata soko, kiuze kilichoshonwa kwa ajili ya soko, kwa bei inayohesabu siku za kazi na siyo vitambaa peke yake, na vipande vya bibi vibaki kwa wajukuu.

Pa kuanzia hapahitaji bajeti kubwa. Afisa utamaduni wa Halmashauri ya Nsimbo na mwenzake wa Wilaya ya Tanganyika wanaweza kuitisha vikao vya kushona katika kata chache, wazee wakaja na nguo, vijana wa sekondari wakaja na daftari. Bibi anashona, mwanafunzi anaandika: nguo ya nani, ilitoka wapi, mwaka gani, nani aliivaa. Daftari linabaki shuleni, mfarishi unabaki nyumbani kwa mwenyewe, na picha ya kila mmoja inapelekwa halmashauri. Mkoa ukishiriki Nane Nane jijini Mbeya pamoja na mikoa mingine ya Nyanda za Juu Kusini, banda la Katavi huwa na mpunga, asali na tumbaku. Ukuta mmoja wa banda hilo ungetosha kutundika mifarishi minne au mitano iliyoazimwa, kila mmoja ukiwa na mwenyewe amesimama kando yake kueleza kipande kipi kilitoka Kalemie, kipi Muscat, na kipi kilitolewa kwenye furushi lililovuka mpaka mwaka 1972.